Nne Nukta Saba

Gauni lilipita kichwani bila matata, likapita mabegani kwa kusitasita, na lilipofika kifuani likagoma. Mke wa fundi cherehani alivuta pumzi, akajikunyata, akajaribu kulirudisha lilikotoka. Likagoma huko nako. Mikono ilikuwa juu, uso ulikuwa ndani ya kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, na mtu pekee aliyekuwa nyumbani Alhamisi ile alasiri alikuwa mumewe, ambaye kwa wiki nne nzima hakuwa ameambiwa kwamba gauni hilo lipo duniani.

"Fundi!" aliita. Tangu waoane alimwita hivyo, na yeye aliitwa Mwalimu, kwa kuwa darasa la pili lilikuwa lake kwa miaka kumi na miwili. "Fundi, njoo. Usicheke."

Fundi alitoka barazani kwenye cherehani yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alisimama mlangoni mwa chumba akatazama gauni lenye mikono miwili na lisilo na kichwa.

"Sicheki," alisema. "Nauliza tu. Nikutoe au nikuingize?"

"Nitoe!"

Alimtoa kwa utaratibu, zipu kwanza, kisha bega moja, kisha la pili. Mkewe alipochomoza, nywele zimesimama na jasho linamtiririka, Fundi hakumtazama yeye. Alikuwa ameshageuza gauni nje ndani, anakagua mishono. Bitana hakuna. Nyuzi zimeachwa zinaning'inia. Pindo limekunjwa mara moja tu, kama la mtu aliyekuwa anawahi kwenda nyumbani. Kisha akaona kitandani mifuko mingine kumi ya nailoni, kila mmoja na gauni lake la damu ya mzee.

"Haya ya nani?"

"Ya walimu. Walimu wote wa kike. Ni sare ya sherehe ya shule, Jumamosi ijayo."

"Walimu kumi na mmoja wanashonewa sare, na mimi nilikuwa wapi?"

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, akajifuta uso kwa kanga. "Ulikuwa ghali," alisema.

Hayakuwa maneno yake. Yalikuwa yamethibitishwa ubaoni, ndani ya ofisi ya walimu, wakati wa chai ya saa nne, na mwalimu wa hesabu ambaye shule nzima ilimwita Madam Asilimia. Alishika chaki akaandika: thamani ni sawa na ubora gawanya kwa bei. Gauni la Fundi, elfu arobaini na tano. Gauni la ng'ambo, elfu kumi na tisa. Ubora wa gauni la ng'ambo ulikuwa umeandikwa kwenye simu, chini ya picha ya mrembo aliyesimama upande mmoja kana kwamba anapisha gari: nyota nne nukta saba, kwa kura za wanunuzi elfu tatu. Ubora wa Fundi, kwa kuwa hakuwahi kupewa nyota na mtu yeyote, ulikuwa sifuri.

"Sifuri gawanya kwa arobaini na tano," aliuliza Madam Asilimia, "tunapata nini, walimu?"

"Sifuri!" walijibu wote, kama darasa.

Mke wa Fundi alikuwa amekaa pale, kikombe mkononi, na hakusema neno. Angesemaje? Wangesema anajipendelea. Na ili ionekane wazi kabisa kwamba hakuna upendeleo, walimchagua yeye awe mnunuzi. Kisha Mwalimu Mkuu, mama mnene, mwenye sauti ya kuita mstari bila kengele, aliongeza kwamba magauni haya ni mtihani. Yakifaulu, sare za wanafunzi mia tatu za mwakani nazo zitaagizwa huko huko.

Hizo sare mia tatu ndizo zilizokuwa zikimlipia Fundi kodi ya nyumba na karo ya watoto wawili. Mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alirudi nyumbani, akapika, akakaa kimya wiki nne.

*

"Vipimo ulivitoa wapi?" Fundi aliuliza.

"Kwenye daftari lako. Lile la jalada la kijani. Ulikuwa umekwenda kununua nyuzi. Wote umewapima wewe, kwa nini niwasumbue tena? Nikanakili kila namba, nikawasomea ofisini, kila mmoja akakubali. 'Ndiyo, thelathini na sita, ndivyo Fundi alivyonipima.' Na yule muuzaji anauza kwa inchi. Nimekosea wapi?"

Fundi alikuwa ameanza kukunja uso kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. "Na nukta?"

"Nukta zipi?"

Alikwenda barazani akarudi na daftari, akalifungua mapajani mwa mkewe. Pembeni ya kila namba palikuwa na vidoa vidogo vya wino, hapa viwili, pale vitano.

"Hivi?" mkewe alisema. "Mimi nilidhani ni nzi."

"Nzi gani atatua pembeni ya kifua cha Mwalimu Mkuu mara saba, kwa mstari?"

Kila nukta ilikuwa inchi moja. Zamani, alipokuwa kijana na mkweli, Fundi alikuwa akisoma kipimo kwa sauti na kukiandika kama kilivyo, mpaka siku moja mteja alipochungulia begani kwake akaona arobaini na nne. Yule mama alikusanya kitambaa chake akaondoka, akatangaza mtaa mzima kwamba futi ya fundi yule imeharibika. Ndipo alipoelewa kwamba watu wengi hawaji kupimwa, wanakuja kusikia. Tangu hapo alitaja namba nzuri, akaiandika hiyo hiyo nzuri, na ukweli akauweka pembeni kwa nukta. Wateja walitoka wamefurahi na nguo ziliwakaa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mkewe alipitisha kidole kwenye ukurasa, anahesabu. Madam Asilimia, nukta tatu. Mwalimu wa muziki, tano. Akafika kwenye jina lake mwenyewe na kidole kikasimama.

"Na mimi?"

Fundi aliangalia dirishani.

"Na mimi, Fundi? Tunalala kitanda kimoja!"

"Nne tu," alisema Fundi. "Mbili ni za mtoto wa kwanza. Moja ya mtoto wa pili."

"Na ya nne?"

"Ya nne ni ya mwaka jana. Hiyo haina mtoto."

Alimpiga kwa daftari begani, mara mbili, halafu akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, kwa kuwa alikuwa amekumbuka magauni mengine kumi.

*

Ijumaa alimwandikia muuzaji. Jibu lilikuja upesi, limetafsiriwa na simu yenyewe: "Rafiki mpendwa, tunasikitika kuhusu mwili wako. Saizi ni ile uliyochagua kwa furaha. Kurudisha ni gharama ya rafiki." Gharama ya rafiki, alipoiuliza, ilizidi bei ya magauni yenyewe. Mwishoni muuzaji alimzawadia punguzo la asilimia tano kwa oda ijayo, pamoja na picha ya ua.

Shuleni, Madam Asilimia alimfuata mpaka mlangoni mwa darasa la pili. "Mzigo umefika, nimesikia. Mbona hatuoni?"

"Napiga pasi, Madam. Yamekunjamana njiani."

"Pasi mpaka lini?"

"Ni magauni kumi na moja."

"Sawa. Lakini fahamu ushuru na usafiri vilitupandisha mpaka elfu ishirini na nane. Bado tuko chini ya mumeo, bila ya kukukosea heshima. Ila yakiwa na kasoro, hasara ni ya mnunuzi. Tulikubaliana, kwenye muhtasari wa kikao ipo."

Jioni ile mume na mke walikaa jikoni, mkaa unakufa taratibu, na hakuna aliyeinuka kuuchochea.

"Nikisema ukweli," alisema mke, "nitawaambia nini? Kwamba mume wangu amewadanganya viuno vyao miaka yote?"

"Hakuna atakayerudi tena kwangu. Hata wa kubana zipu."

"Nisiposema, nalipa laki tatu na kitu. Sina."

Fundi alikuna kidevu. "Yanaweza kutanuliwa. Ukifungua pembeni, kwapani mpaka chini, ukaingiza ubavu mmoja kila upande, mtu hatajua. Nikipata kitambaa chenyewe."

Mkewe alimtazama. Walikuwa wamefika mahali ambapo wote wawili walikuwa wanapakwepa tangu jana.

"Lakini yakiwakaa vizuri," alisema mkewe, "mtihani umefaulu. Sare za watoto zinaondoka."

"Zinaondoka."

"Basi yaache. Nitasimama niseme nimekosea mimi, nilisoma vibaya. Watanicheka. Watanicheka kila saa nne mpaka nistaafu, na hilo deni nitalipa kidogo kidogo. Lakini wewe utabaki na kazi yako."

Fundi aliivuta futi iliyokuwa shingoni, akaikunja. Alikuwa mtu wa hesabu ndogo ndogo, za inchi na nusu inchi, na hesabu hii hata yeye aliiona wazi: upande mmoja kazi ya mwaka, upande wa pili mkewe amesimama mbele ya wenzake kumi wanamcheka. Alimpenda yule mwanamke. Hakuwa na jingine la kupima. Asubuhi alikata kipande cha sentimita mbili ndani ya pindo, akakitia mfukoni, akaenda dukani.

Muuza vitambaa alikiweka kipande juu ya gombo moja la damu ya mzee, akakisugua kwa dole gumba. "Hiki? Mbona ni hiki hiki. Kinatoka huko huko, kontena moja. Mita moja ni elfu nne."

Gauni moja zima hula mita tatu. Fundi alianza kupiga hesabu ambayo Madam Asilimia hakuiandika ubaoni, alipofika kwenye elfu kumi na mbili akaiacha, maana haikuwa na faida kwa mtu yeyote aliyekuwa pale.

*

Barazani alibandika karatasi: FUNDI ANAUMWA. Alihamishia cherehani chumbani, akafunga pazia, akaanza kufumua. Mkewe aliporudi kutoka shule alichukua wembe na gauni lake, wakawa wanafumua pamoja, migongo imeegemea kitanda. Barazani wateja walikuja, wakasoma karatasi, wakasikitika, wakaenda kwa fundi wa pili wa mtaa ule, ambaye alikuwa mzima.

Jumanne jioni hodi iligongwa kwa kishindo cha mtu anayejua atafunguliwa.

"Hodi humu! Nimekuja kumwona mgonjwa!"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Mkuu. Mke wa Fundi alisukuma magauni kumi chini ya kitanda kwa mguu. La kumi na moja lilikuwa la Mwalimu Mkuu mwenyewe, mikononi mwa Fundi, limebanwa pini tangu kwapa hadi kiuno. Hapakuwa na nafasi wala muda. Fundi aliruka kitandani na gauni hilo, akajifunika shuka mpaka shingoni.

Mwalimu Mkuu aliingia na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, kikalalamika.

"Pole sana, Fundi. Unaumwa nini?"

"Mwili, Madam."

"Mwili wote?"

"Hasa ubavuni," alisema Fundi, akasaga meno, kwa sababu pini ya nne ilikuwa imeingia.

Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Shule yake haikuwa na fedha za kutosha hata za chaki, na kuokoa elfu mbili kwa kila sare ya mtoto kulikuwa usingizi mzuri kwake.

"Nitakuambia jambo kama dada," alisema. "Haya maradhi nayajua. Ni mawazo. Umesikia habari za magauni, roho imekuuma, mwili umefuata. Usiichukue moyoni. Ni biashara tu. Zamani watu walivaa ulichoshona kwa sababu hawakuona kingine. Sasa wanaona."

"Ni kweli, Madam."

"Unaona jinsi anavyovuta pumzi?" Mwalimu Mkuu alimwambia mkewe. "Mpe maji. Maskini, mpaka jasho."

Alipoondoka, mkewe alifunua shuka, akachomoa pini moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa na damu. Kwenye kitambaa cha rangi ile haikuonekana kabisa.

*

Ijumaa saa nne ofisi ya walimu ilifungwa kwa ndani. Walimu wa kike walipeana zamu nyuma ya kabati la vitabu, na kila aliyetoka huko alitoka akizunguka. Magauni yaliwakaa. Yaliwakaa kama nguo inavyomkaa mtu aliyepimwa kwa miaka kumi na mkono uleule, na kila mmoja alijishika kiuno akashangaa kukikuta mahali pake.

"Lakini kwenye picha," alisema mwalimu wa muziki, anajitazama ubavuni, "hapakuwa na huu mstari wa pembeni."

"Wameboresha," alijibu Madam Asilimia. "Hawa watu hawalali. Huo ni mkato wa kupunguza mwili. Mafundi wetu wataanzia wapi?"

Mwalimu Mkuu alitoka wa mwisho. Alitembea kutoka kabati mpaka mlangoni, akarudi, kisha akainamisha kichwa ili Madam Asilimia amsomee lebo ya shingoni.

"Thelathini na nane," alisoma Madam Asilimia.

"Semeni wenyewe!" alisema Mwalimu Mkuu, na kwa muda mfupi alikuwa msichana. "Na nimezaa watano!"

Mke wa Fundi alikaa na kikombe chake. Walimshukuru mmoja mmoja, wakamkumbatia, na kwa kila aliyemkumbatia aliusikia chini ya kiganja chake mshono wa mumewe, umenyooka na umefungwa nyuzi pande zote mbili. Alitaka kulia na hakuweza, maana wangemuuliza kwa nini.

*

Siku ya sherehe wanafunzi walikaa chini uwanjani, wazazi kwenye viti vya kuazima, na waume wa walimu wakapangwa mstari wa pili, pamoja na Fundi aliyekuwa amepona. Risala zilisomwa. Halafu Mwalimu Mkuu alishika kipaza sauti na kuwaita walimu wake wa kike wasimame mbele. Walisimama kumi na mmoja, rangi moja, na uwanja ukapiga vigelegele.

"Wazazi, hii mnayoiona ni elfu ishirini na nane tu!" alisema. "Kamati imekaa jana. Mwakani, sare za watoto wenu zitatoka huko huko. Na kwa kuwa ana jicho la kununua, atakayetuagizia ni mwalimu wetu wa darasa la pili. Mpigieni makofi!"

Makofi yalipigwa. Fundi naye alipiga, viganja vyenye vidonda vya sindano. Mkewe alimwona anapiga, na hapo kitu alichokuwa amekimeza kwa wiki tano kikapanda. Alikwenda mbele akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Mwalimu Mkuu.

"Samahani, Madam. Samahani, wazazi. Haya magauni yalikuja hayatutoshi. Hata moja. Yalikuwa madogo, na yameshonwa ovyo. Aliyeyafumua na kuyashona upya ni mume wangu, yule pale. Wiki nzima, kwa pesa zake. Mnachokisifu si cha ng'ambo. Ni cha barazani kwetu."

Walimu wenzake waligeuka kumtazama, kisha wakatazamana. Mke wa Fundi alisubiri hasira, alisubiri aibu, alikuwa tayari kwa yote mawili.

Mwalimu Mkuu alikuwa wa kwanza. Mkono wake ulikwenda shingoni, ukaigusa lebo, ukatulia. Kisha akatabasamu, tabasamu pana lenye upole, akamkumbatia mke wa Fundi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akakitwaa kipaza sauti.

"Wazazi," alisema, "mmemsikia? Huyo ndiye mke! Mume ameugua kwa mawazo, kazi inamtoka, na yeye anasimama mbele ya watu wote kumtetea. Nani kati yetu angefanya hivyo?"

"Hakuna!" walijibu walimu.

"Mpigieni makofi tena!"

Safari hii walisimama. Mama mmoja mstari wa mbele alijifuta macho. Madam Asilimia aliinama akamnong'oneza mke wa Fundi kwamba amefanya jambo zuri, lakini angesema tu kwamba Fundi alisaidia kupiga pasi, watu wangeamini.

Mume wa Madam Asilimia, aliyekaa kando ya Fundi, alimpiga bega. "Ndugu yangu, huyo mwanamke anakupenda. Wengine hatuna bahati hiyo. Mshukuru Mungu."

Fundi alikuwa amepoteza sare mia tatu na wateja wa wiki nzima. Alimtazama mkewe pale mbele, analia kwa uchungu wa kutoaminiwa huku watu wakidhani ni furaha, katika gauni ambalo hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kulipima. Akashukuru, na alishukuru kweli.